Mwalimu Patroba, Firigisi na Neno la Walatini

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni Mwalimu Patroba Musonye, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1932 hapa Khayega, kifungua mimba wa mama yake, na mdogo wake Philemon akamfuata miaka mitatu baadaye. Alisoma kwa wamisionari hadi 1950, akitumikia misa kwa Kilatini, na Kilatini hicho hakikumtoka tena, kwani alipoanza kufundisha Kiingereza mwaka 1953 hakuliacha neno lipite bila kuliuliza babu yake ni nani, hata wanafunzi wakambandika jina Mizizi. Tarehe 6 Agosti 1955 alimwoa Navalayo, wakajaliwa watoto sita, Clifford akiwa wa kwanza, naye akastaafu mwaka 1987.

Desemba 1989 kuku alichinjwa kwa Philemon, na firigisi, ambayo kwetu mkubwa ndiye huila, ikawekwa kwa kusahau kwenye sahani ya mgeni kutoka Butere, basi Mwalimu akainuka mikono yake ikiwa bado na maji ya kunawa, akavaa kofia, akaenda zake, na kwa karibu miaka sita hakuna kati ya ndugu hao wawili aliyeonja chakula cha mwenzake.

Agosti 1995 mjukuu wake Winrose alikuja likizo akiuliza Waingereza walilitoa wapi neno “companion”, naye Mwalimu, uso ukimeremeta, akafungua kamusi yake kuukuu, akamwonyesha kwamba walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwa Walatini, ambao “com” kwao ni “pamoja”, na “panis” ni “mkate”, yaani mtu mnayekula naye mkate mmoja. Navalayo alikuwa mlangoni akichambua mboga, kusoma hajui lakini masikio anayo, akasema, “Baba Clifford, na wale wanaonuniana kwa ajili ya firigisi, Walatini waliwaitaje?”

Mwalimu alifunga kamusi, akacheka hadi miwani ikamwanguka, akaagiza kuku apikwe, akambeba mwenyewe pamoja na obusuma, ugali wetu, hadi kwa Philemon, firigisi ikiwa juu kabisa, na Philemon akaomba kisu, akaikata mara mbili, nusu yake na nusu ya kaka yake, akisema, “Mzee, kuku wako ametembea miaka sita kufika hapa, lazima nyama ni ngumu.”

Tangu hapo kila Jumapili walikula sahani moja. Moyo ulianza kumsumbua Februari 1998, akalazwa hospitalini Kakamega, Philemon akawa anaendanga kila siku na kikapu cha chakula, hadi tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, Mwalimu alipotutoka akiwa ameshiba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni na maji bila kuitwa, na walimu wenzake mliokuja hata kutoka mbali.

Pumzika kwa amani, Mizizi, firigisi ya leo Philemon ameikata mara mbili.