Bi. Elsie Wakesho na Nyimbo Zisizo na Tafsiri

Jumamosi hii, tarehe 31 Oktoba 1987, Bi. Elsie Wakesho anaifunika taipureta yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na mitano na miezi minne katika ofisi ya Shamba la Mkonge la Vilima Viwili, nje kidogo ya mji wa Voi. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Stephen wa masjala, niandike wasifu wake. Ilisema niwe mfupi na mchangamfu. Nitajaribu.

Alikuja kutoka Chawia mwaka 1962 akiwa na cheti cha kupiga chapa na viatu vya ngozi vilivyostahimili vumbi letu kuliko mameneja. Mameneja sita wamepita mbele ya meza yake. Wote waliandika barua mbaya, na barua zao zote zilitoka nzuri. Mmoja, mwaka 1966, alimsomea barua ya matusi matupu kwa tajiri wa malori aliyechelewa kuja kuchukua mkonge. Bi. Elsie alipiga chapa barua ya heshima, akaipeleka isainiwe pamoja na nyingine ishirini. Malori yalifika baada ya siku mbili. Meneja yule aliondoka Kenya akiamini kwamba matusi yana nguvu.

Lakini wengi mliopo hapa hamkumjua kwa barua. Mlimjua kwa bendi.

Mwaka 1971 mhandisi wetu, Bwana Hudson, alirudi kwao Uingereza. Aliacha gitaa la umeme, kipaza sauti na kisanduku cha mwangwi ambacho, kwa maelezo yake, kazi yake ilikuwa kuongeza utamu kidogo kwenye sauti. Zephaniah Kituku, fundi wetu wa mitambo, alikirithi na kukitengeneza. Kabla ya kutengenezwa kilirudisha sauti mara mbili. Baada ya kutengenezwa kilirudisha mara nyingi kadiri kilivyopenda chenyewe.

Kituku alikuwa akikijaribu katika stoo ya marobota ya mkonge wakati Bi. Elsie alipoingia na barua, akapiga hodi karibu na kipaza sauti. Hodi ile ikapanda kwenye mabati, ikashuka ikiwa laini, kama ya mtu mwingine aliye mbali.

“Ni nani huyo?” aliuliza.

“Ni wewe, dada,” Kituku akasema.

Aliiweka barua juu ya pipa, akaanza kuimba. Barua hiyo ilimfikia mwenyewe baada ya siku mbili, na nimeombwa nisiseme ilikuwa ya nani.

Ndambuki wa stoo aliongezwa kupiga ngoma kwa sababu stoo ilikuwa yake na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Walipiga polepole. Walipaswa kusubiri kisanduku kimalize, na kisanduku hakikuwa na haraka. Kituku aligusa uzi mmoja wa gitaa, akavua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena, na uzi bado ulikuwa ukilia. Juu ya yote hayo ilielea sauti ya Bi. Elsie, na maneno yake hayakueleweka kwa mtu yeyote.

Sisi Wadawida, yaani Wataita, tulidhani anaimba Kikamba, kwa heshima ya wenzake wawili, ambao ni Wakamba. Wakamba walidhani ni Kidawida cha zamani. Kanisani waliamua kwamba ni Kiingereza, na jina likashika: Bendi ya Kiingereza. Meneja wa wakati huo, ambaye alikuwa Mwingereza, alimpongeza kwa Kiswahili chake kizuri.

Safari hazikukosekana. Huko Bomeni watu walikuja kucheza, wakajikuta wamekaa. Saa kumi jioni nusu ya ukumbi ilikuwa imesinzia, na mwenye ukumbi akaomba radhi kwa niaba ya bendi. Huko Makwasinyi, kwenye arusi, mjomba wa bibi arusi alilia machozi, akasimama na kumsamehe shemeji yake ugomvi wa mpaka wa miaka tisa. Asubuhi alitaka kubatilisha, lakini mashahidi walikuwa wengi. Kwa miaka kumi na miwili bendi iliishi hivyo: haichezeki, haieleweki, na haikosi mwaliko.

Mwaka 1983 tulipata afisa mpya wa utumishi, Bwana Phineas Katuku, mtu wa utaratibu. Bendi ilikuwa imealikwa kupiga Voi siku ya sikukuu ya taifa, mbele ya wageni wa heshima. Bwana Katuku aliagiza tafsiri ya nyimbo zote, nakala tatu.

“Hazina tafsiri, bwana,” Bi. Elsie alimwambia.

“Kila neno lina maana.”

“Haya si maneno.”

“Basi ni nini? Mama, zama hizi mtu akiimba kitu kisichojulikana mbele ya wakubwa, ataulizwa. Na mimi nitaulizwa kabla yake.”

Alimpa wiki moja. Bila tafsiri hakuna bendi, na barua ya onyo ingeingia kwenye faili lake, faili ambalo kwa miaka ishirini na moja halikuwa na doa. Najua, kwa sababu nilikuwa nikilitunza mimi. Siku ya sita alikuwa bado hajaandika chochote. Nikaogopa. Bila kumwuliza, nilikaa chini na kuandika tafsiri mwenyewe. Nilisema nyimbo zote ni wimbo mmoja wa kuhimiza wakulima kuchimba matuta na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Niliweka beti nne. Bwana Katuku alifurahi mno, akagonga mhuri.

Siku ya sikukuu msimamizi wa sherehe alisoma beti zangu kwa sauti kubwa kabla ya wimbo. Bendi ikapiga. Kwa mara ya kwanza watu hawakusinzia, hawakulia, walisikiliza udongo. Walitikisa vichwa kwa kukubali. Mkulima mmoja aliinuka kulalamika kwamba ubeti wa tatu umesahau mbolea. Wageni wa heshima walipiga makofi. Bi. Elsie alimaliza, akakiweka kipaza sauti kwenye kiti chake, akashuka.

Nilimfuata nikimwambia kwamba nimemwokoa.

“Stephen,” alisema, “mchana kutwa napiga chapa maana za watu. Nilikuwa na kitu kimoja tu kisichohitaji karatasi ya kaboni.”

Hakuimba tena. Hakuninunia pia, aliendelea kunisalimia kila asubuhi, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi. Bwana Katuku alipandishwa cheo kwa mchango wake katika kilimo.

Mwezi Mei mwaka huu Bwana Hudson, ambaye sasa ni mzee, alitutumia kaseti kutoka Uingereza. Aliandika kwamba vijana wa kwao wameanza muziki mpya kabisa: gitaa linalorudi na kurudi, mwendo wa polepole, na dada mmoja anayeimba maneno yasiyojulikana. Magazeti ya huko yanawaita wavumbuzi. Hakuna aliyewadai nakala tatu.

Tulikaa stoo, sisi wanne, tukasikiliza. Ndambuki alisema, “Wamechelewa.” Kituku alilalamika kwamba kisanduku chao hakijatengenezwa. Bi. Elsie alifumba macho mpaka upande wa kwanza ukaisha.

“Huyu dada anasema kweli,” alisema.

“Umemwelewa?” niliuliza.

“Hata kidogo.” Alicheka, na mimi nikapata nafasi niliyoitafuta kwa miaka minne. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeliokoa faili na kumpoteza mwenye faili. Aliinuka, akageuza kaseti.

Wiki iliyopita kamati ilinituma nimwulize kama ataimba kwenye sherehe hii. Nilikwenda nikiwa na hofu.

“Nitaimba,” alisema. “Wewe utakaa chini. Na usishike kalamu.”

Bi. Elsie, asante kwa barua zetu zote ulizozitia adabu, na kwa michana ya Jumapili katika stoo ya marobota. Milima ya Chawia ikupokee vizuri. Upumzike, na usidaiwe maelezo na yeyote. Kituku ameshawasha kisanduku. Ninakaa chini.