Kipande cha Lucien

Marehemu Odile Gaudin alizaliwa Ernée, Ufaransa, tarehe 3 Machi 1941, kifungua mimba wa fundi viatu Auguste na mkewe Berthe. Mdogo wake wa pekee, Marcel, alimfuata mwaka 1944.

Alisoma kwa masista hapohapo Ernée hadi mwaka 1955, akaenda Fougères kushona viatu kiwandani. Kazi hiyo aliifanya miaka arobaini na mmoja bila kuchelewa hata siku moja, jambo alilotukumbusha kila tulipochelewa.

Tarehe 16 Mei 1964 alifunga ndoa na Lucien Hubert, mwashi, wakajaliwa mtoto mmoja, Thierry, mume wangu. Lucien alifariki mwaka 2008.

Kila Januari, kwa sikukuu ya Mamajusi, marehemu alioka keki ya Wafalme, ya lozi, yenye kisanamu cha kauri ndani. Anayekipata huvikwa taji la karatasi na kuitwa mfalme. Kipande kimoja huachiwa asiyekuwepo, nacho kilikuwa cha Lucien. Jumapili ya tarehe 9 Januari 2011 mimi, mkwe mgeni kutoka Moshi, niliketi mezani mara ya kwanza, Kifaransa changu kikiwa cha salamu tu. Marcel alitania mchana kutwa: “Dada, shemeji huko aliko hasikii njaa. Nipe mimi nimtunzie!” Tukala, kisanamu hakuna. Marehemu akashika shavu.

“Basi kiko kwa Lucien. Mwaka huu mfalme ni mume wangu.” Akalia, akalitundika taji kwenye kiti cha Lucien.

Asubuhi yake nilikuta kipande jikoni, kimefunikwa sahani. Nikadhani kiporo, nikakimaliza na chai. Kisanamu kiliponigonga jino, ndipo nikaelewa machozi ya jana. Nikakitia mfukoni.

Marehemu alipoikuta sahani tupu, alimpigia Marcel simu. “Mlafi wewe! Hata cha Lucien hukukiacha?” Marcel aliapa, hakusikilizwa. Nilikuwa nimesimama palepale, sikufungua mdomo. Naona haya kulisoma hili. Kwa miaka kumi na mitatu Marcel hakuketi tena mezani kwa dada yake.

Septemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Januari iliyofuata, hospitalini Rennes, nilimwekea kile kisanamu mkononi.

“Mama, ni mimi niliyekula.”

“Najua. Nilipokata simu niligeuka, nikaona chenga za lozi kwenye sweta lako.”

“Sasa mbona Mjomba Marcel ulimwacha hivyo?”

“Ningekuumbua, ungepanda ndege urudi kwenu, na Thierry nyuma yako. Marcel nilijua atanuna wiki moja tu. Haikuwa wiki. Kila mwaka nilishika simu, nikaona haya, nikaiweka. Siku ya kunizika jambo hili lisome, mwanangu. Lisome asikie.”

Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi, kisanamu kikiwa mkononi.

Ameacha mtoto mmoja, Thierry; mkwe, mimi Apaikunda; wajukuu wawili, Lucie na Ndeshi; na mdogo wake, Marcel Gaudin, aliyeketi hapa mbele, ambaye hakukila kipande kile.

Sasa limesemwa, Mama. Pumzika kwa amani.