Dakika Ishirini hadi Telefomin

Ndegeni tulikuwa sita. Mbele yangu alikaa mzee Wesani, asiyewahi kupanda ndege, na nesi kijana aitwaye Robina.

"Mwanangu, kutoka hapa Oksapmin hadi Telefomin ni mbali kiasi gani?" mzee alimuuliza nesi.

"Kilomita sitini na kitu, babu. Dakika ishirini tu."

"Siku nne," alisema mzee.

"Kwa miguu, labda. Siku hizi nani anatembea?"

"Mimi nilitembea. Mtoto alikataa kutoka tumboni, na mawingu yakazuia ndege. Tukambeba mke wangu kwa machela kwenda hospitali. Siku ya tatu, mtoni, akatuacha. Tukamzika palepale."

Robina alimfunga mkanda. Injini ikanguruma, tukapaa.

Baada ya muda mzee alibandika uso dirishani. "Huo mto uko wapi?"

"Nadhani tumeshaupita, babu."

"Haiwezekani. Ndiyo kwanza nimekaa!"

"Ndege ndivyo zilivyo, babu. Pole."

Magurudumu yaligusa ardhi, rubani akazima injini. Tulianza kushuka na mifuko yetu ya viazi. Mzee Wesani hakufungua mkanda.

"Mwambie arudi," alimwambia Robina. "Safari hii aende polepole."