Betri ya Miezi Saba

Seremala hakukusudia kusikiliza maneno ya watu, lakini aliketi nyuma yao basini, na masikio hayana pazia. Mbele yake fundi cherehani mmoja alikuwa amepakata betri nzito ya akiba, ile ya kuendeshea vyombo vya nyumbani umeme ukikatika. Mzee aliyekaa naye akamuuliza kama imeharibika.

"Imedumu miezi saba, baba. Waliahidi miaka mitano."

"Hukuwapigia walioitengeneza?"

"Nimepiga mara kumi na moja. Kila mara naambiwa niizime, nihesabu hadi thelathini, niiwashe. Jumanne umeme ulikatika mchana, mama yuko kwenye mashine ya kupumulia. Nikahesabu hadi thelathini."

"Pole sana, mwanangu. Hata hivyo, wakikupa mpya, ipokee. Ni haki yako."

"Mpya nimwekee nani? Nataka yule aliyenihesabisha atoke, anitazame usoni."

"Naye ni mwajiriwa tu, binti. Anasoma alichoandikiwa."

"Na mimi nilifanya alichoandikiwa."

Seremala alikuwa ameinama akisoma chapa iliyokuwa ubavuni mwa betri. Betri hiyo ilikuwa aina moja na ile aliyoiacha chini ya kitanda cha mkewe, inayoendesha mashine ya kupumulia vilevile. Akatoa simu, akampigia shemeji yake aliyebaki na mgonjwa. Basi likasimama. Fundi cherehani akashuka na betri yake kifuani, na simu ikaendelea kuita bila kupokewa.