Kitanda cha Mama Godelieve

Jumatano ya wiki iliyopita, wasikilizaji wapendwa, bamama kumi na wanne walikaa kwenye benchi la kituo cha afya hapa Baraka, na hakuna aliyekubali kuingia wa kwanza. Muuguzi aliita. Akaita tena. Wakatazamana. Walikuwa wanamngoja Mama Godelieve. Kila Jumatano ni yeye aliyesimama mlangoni na kusema: "Nani anaogopa leo? Anyoshe mukono, nimucheke."

Saa nne muuguzi akatoka nje, akawaambia. Mama Godelieve alikuwa amefariki alfajiri ile, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Tumkumbuke kwa furaha. Yeye asingevumilia kipindi cha machozi.

Alizaliwa Mboko, akaolewa Baraka, akauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni miaka thelathini. Sauti yake ilivuka soko zima. Binti yake, Divine, anasema: "Maman alikuwa anabembeleza batoto kwa ile sauti ya kuuzisha ndagala. Mutoto alikuwa analala kwa kuogopa!"

Miaka saba iliyopita mdogo wake, Nadège, alifika hospitali akiwa amechelewa. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alisema kwamba ingeonekana mapema, ingetibika. Na kuiona mapema si kazi kubwa, wasikilizaji wapendwa. Muuguzi anapaka siki kidogo pale, anaangalia kama kuna mahali panageuka peupe. Ni dakika chache tu.

Baada ya mazishi, Mama Godelieve alienda kituo cha afya kuuliza kwa nini uchunguzi huo haufanyiki hapa. Akaonyeshwa kitanda cha uchunguzi, kizima kabisa, kimefungiwa depo, kwenye chumba cha kuhifadhia vitu. Mradi mmoja wa afya ulikileta, mradi ukaisha, muuguzi akakosa wa kumlipa.

"Mradi iko mugeni," alisema. "Mugeni amerudia kwabo. Sisi tuko hapa, tunalipa taksi ya soko, ile kodi, kila siku. Mji ulipe."

Hicho ndicho alichotaka. Narudia: uchunguzi wa wanawake uingie katika bajeti ya mji, ulipwe kama barabara inavyolipwa, usingoje mradi. Aliandika barua tatu. Hakujibiwa hata moja.

Basi, mnaijua defile yetu, yale maandamano ya Siku ya Wanawake, tarehe nane Machi. Kila kundi linapita mbele ya jukwaa la wakubwa likiwa na vyombo vya kazi yake. Washonaji wanapita na cherehani, wauza ndagala na beseni zao. Mwaka uliofuata barua zile, maikrofoni nilishika mimi. Nikasoma karatasi yangu: "Sasa wanakuja wauza ndagala na beseni zao!"

Kikaja kitanda.

Wanawake wanane wamekibeba mabegani, kile kile kilichofungiwa depo. Juu yake amelala Mama Adolphine, jirani wa meza wa Mama Godelieve sokoni, ambaye si mwepesi, anawapungia wakubwa mkono huku analalamika: "Gode, mutaniangusha! Mi nilikuambia utafute mwembamba!"

"Lala, we! Mugonjwa hasemi."

Wakasimama mbele ya jukwaa, katikati. Mama Godelieve akapaza ile sauti ya sokoni: "Bakubwa, hiki kitanda iko na kila kitu. Kinakosa mushahara wa muuguzi. Tutakipitisha kila mwaka!"

Watu walicheka, wakubwa nao wakacheka. Bajeti haikubadilika.

Mwaka wa pili walipita kwenye mvua. Mwaka wa tatu walipita tena, na hapo mke wa mkubwa mmoja alishuka jukwaani, na kikwembe, kitenge chake kipya, akakisogelea kitanda.

"Inauma, kupimwa?" alimuuliza Mama Godelieve kwa sauti ndogo.

"Inasumbua kidogo, dada. Lakini si kama hivi viatu umevaa."

"Na hiyo siki, ndiyo ile ya kachumbari? Mi si saladi!"

"Basi tutaacha kitunguu."

Mama yule alicheka mpaka akashika kitanda asianguke. Kesho yake alisafiri kwenda kupimwa hospitali kubwa. Walimkuta na alama ndogo nyeupe, akatibiwa, akapona. Yeye mwenyewe ameniruhusu niseme hivyo hapa redioni. Na nyumbani kwake, anasema, mumewe hakupata nafasi ya kuzungumza habari nyingine kwa miezi minne.

Mwezi wa tano tangu defile ile, uchunguzi uliingia katika bajeti. Sasa unafanyika Baraka kila Jumatano, bila malipo. Narudia: kila Jumatano, bila malipo. Katika mwaka wa kwanza wanawake mia tatu na kumi na wawili walipimwa, na kumi na mmoja walitibiwa mapema. Hao kumi na mmoja wako hai. Wengine wao wananisikiliza sasa hivi.

Lakini Mboko, alikozaliwa, uchunguzi bado. Huko Kilembwe nako bado. Hilo lilimkosesha raha. Adolphine anasema siku mbili kabla ya kifo chake alikuwa anamwuliza: "Bamama ba Kilembwe, bo si bamama?"

Kwa mumewe, Baba Eugène, kwa Divine na ndugu zake, na kwa wanawake wote wa soko la Baraka, tunatoa pole kutoka moyoni. Kwako wewe unayesikiliza, mama yako, dada yako, mke wako amepimwa lini? Muulize leo, kwa upole.

Mwezi ujao wakubwa wa eneo zima wanakaa kupanga bajeti ya mwaka kesho. Divine ameomba nafasi ya kusema habari ya Mboko na Kilembwe. Amepewa dakika tano.