Mzee Leo na Waya wa Siku Tisa

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi. Najua wengine ndio kwanza mmeingia nyumbani, hata viatu hamjavua. Kaeni. Sauti yangu imechoka kidogo, mtanivumilia. Jana nilikwenda kuzika mtu niliyemheshimu.

Tunamkumbuka nahodha wa boti ya zahanati. Watu wa mtoni walimwita Mzee Leo. Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na moja. Aliendesha boti ile miaka thelathini. Nasema tena, miaka thelathini, safari tatu kwa siku, wagonjwa, wauguzi na maboksi ya dawa.

Kwa nini Mzee Leo? Kwa sababu kesho hakuijua. Skrubu imelegea? Leo. Taa haiwaki? Leo. Binti yake, ambaye ni mwalimu, anasema hata bawaba ya mlango ikilia, chakula kilikuwa kinapoa mezani mpaka baba aipake mafuta. "Marehemu mama alikuwa akisema, mimi nimeolewa na bisibisi," anasimulia binti. "Tukimwambia baba pumzika, anajibu, leo ni leo, msema kesho ni mwongo. Sisi tukacheka. Kumbe mwenzetu alikuwa na lake moyoni."

Naam, alikuwa na lake. Familia imeniruhusu niliseme.

Turudi nyuma miaka ishirini na miwili. Boti ile, kwa wasioifahamu, haina pangaboi la kuisukuma nyuma. Injini inavuta maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo wa chuma. Mdomo ukigeuka, boti inageuka. Na kinachougeuza ni waya mmoja mnene, kutoka kwenye usukani hadi nyuma kabisa. Waya mmoja tu, wasikilizaji. Na jambo jingine mlishike: injini ikinyamaza, hata usukani mzima haufai kitu. Bila maji kutoka, hakuna kukata kona.

Basi waya ule ukaanza kuwa mgumu. Nahodha aliusikia mikononi. Ukizungusha kulia, unakwama, halafu unaachia ghafla. Waya mpya ulikuwepo. Ulikuwa stoo, ndani ya nailoni yake, umetundikwa msumarini. Lakini kuubadilisha ni kulala kifudifudi chini ya sakafu ya boti, kwenye maji yenye oili, nusu siku nzima. Na yeye anarudi jioni mgongo umekufa ganzi, muuguzi anamwuliza kesho wanaondoka saa ngapi. Akapaka grisi. Akajisemea, nitaubadilisha kesho. Siku ya pili, kesho. Siku ya tano, kesho. Alikuwa amechoka, jamani. Hakuwa mvivu, alikuwa amechoka.

Siku ya tisa, asubuhi, walikuwa abiria kumi na mmoja, mmoja wao mama mjamzito. Na nyuma, kwenye kamba, alikuwepo shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa msaidizi wake siku zote. Walipopita ile kona ya juu ya daraja, waya ukakatika. Usukani ukazunguka bure, kama kifuniko cha sufuria.

Mbele yao nguzo za daraja. Abiria wakapiga kelele, "Zima! Zima injini!" Angezima, maji yangewabamiza kwenye nguzo. Hakuzima. Alishikilia mpini wa mafuta injini isizimike, akageuka, akaita, "Shemeji! Mdomo! Usukume kwa mkono!"

Shemeji hakuuliza swali. Alilala kwa tumbo ukingoni, mtu akamkalia miguu, akaingiza mikono yote miwili kwenye povu lile na kuushika mdomo wa chuma. "Kushoto!" Anasukuma. "Rudisha!" Anarudisha. Walipita katikati ya nguzo mbili. Dakika ishirini na tano walikwenda hivyo, nahodha akiwa macho, shemeji akiwa waya.

Abiria kumi na mmoja walifika salama. Yule mama alijifungua siku hiyo hiyo. Lakini pale gatini boti iligonga, mdomo ukaruka, ukaubana mkono wa shemeji kwenye fremu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda.

Mji mzima ukamsifu nahodha. Ofisi ikampa cheti chenye fremu. Mimi mwenyewe nilimwalika studio mara tatu aje asimulie ushujaa wake. Mara zote alinijibu vile vile: "Mwanangu, tafuta mtu mwingine." Nikadhani ni unyenyekevu. Cheti, binti anasema, hakikutundikwa hata siku moja. Kilikaa juu ya kabati, kimegeuziwa uso ukutani.

Kuanzia hapo ndipo akawa Mzee Leo. Na shemeji? Shemeji aliendelea kufanya naye kazi, mkono wake ukiwa na vidole vitatu, na utani wake haukupungua. Akiagiza chai za watu watano, ananyoosha mkono na kusema, "Ongeza mbili, hapa pameingia panya." Kila mtu anacheka. Mzee Leo anaangalia chini.

Miaka ishirini na miwili, wasikilizaji wapendwa. Walikula pamoja, walimzika pamoja mke wa mmoja, dada wa mwingine. Na Mzee Leo hakumwambia.

Jumatatu wiki hii, akiwa hajiwezi, alimwita. Binti alikuwepo chumbani, anakunja mashuka. Anasema baba hakuzunguka mbuyu.

"Shemeji, ule waya niliujua. Siku tisa niliujua ni mbovu. Na mpya ulikuwa stoo."

Shemeji akauliza, "Siku tisa?"

"Tisa."

"Na miaka yote hii unaniangalia nafunga kamba kwa mkono huu."

"Nilikuwa nakuangalia."

Shemeji akasimama, akachukua kofia yake. Mlangoni, bila kugeuka, akasema, "Tutaongea kesho."

Binti anasema baba yake alifumba macho aliposikia neno lile. Hakumlaumu. Alisema tu, "Ana haki. Sasa ni zamu yake."

Kesho yake ni Jumanne. Saa nne asubuhi.

Jana alasiri, baada ya mazishi, shemeji alikuja hapa studio. Hakutaka maji, hakutaka kiti cha studio chenye magurudumu, alisema kinamchosha, akakaa kwenye stuli. Alisema ana jibu lake na hana wa kumpa. Nimeliandika kama alivyolitamka:

"Usiku sikulala kwa hasira zangu. Asubuhi nikasema, ngoja ninywe chai kwanza, niende na maneno yaliyonyooka. Nikachelewa kutoka. Nimefika, nakuta watu wanatoa viti nje. Shemeji, nilikuwa nimekuja kukwambia hivi. Ningekununia wiki mbili, maana umeniudhi sana. Wiki ya tatu ningekuja tunywe chai. Basi. Nimekusamehe, na wewe unisamehe ile kesho yangu."

Akainuka. Akaniuliza kama mtu aliyekufa husikia redio. Nilimwambia sijui. Akasema, "Itangaze hivyo hivyo."

Nimeitangaza.

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa wauguzi na mafundi wa ile boti, na kwa shemeji ambaye kwa wakati huu amekaa mahali fulani anatusikiliza: poleni sana. Mungu awape nguvu, na amlaze marehemu pema.

Wasikilizaji wapendwa, sina mahubiri. Nimechoka, nanyi mmechoka, na uchovu ndio uliotufikisha hapa. Lakini kama kuna neno linakukwama mtu wako akiwa bado anapumua, mwambie. Kama umeambiwa wewe, jibu. Nina nyimbo za nusu saa hapa, si za kukosesha mtu usingizi. Hamtapoteza kitu mkizima redio. Zimeni, mwende mkaongee.