Kiapo Nilichowaitia

Zimeni hiyo redio, wanangu, msogee karibu na kitanda, maana sauti iliyokuwa ikiamsha mtaa mzima leo haifiki hata mlangoni. Wewe kifungua mimba wangu, mwenye lori, kaa kwenye kiti cha marehemu baba yako na uache kutazama saa. Mzigo wako utangoja, mimi ndiye sitangoja. Kitinda mimba, acha kunipepea, utaumia mkono bure. Na ndugu yenu Jemedari akae papa hapa miguuni pangu, asitolewe nje, kwa sababu nitakayoyasema yanamhusu yeye kuliko yeyote, na katika nyumba hii tumezoea mno kumjadili mtu mbele yake kana kwamba ni kabati. Mzee wa kanisa, asante kwa kuja. Nilikuita uje ushuhudie kiapo. Biblia naiona pale mezani. Iache palepale kwanza.

Mwokaji mikate hana siri, wanangu. Watu huja mlangoni kwake alfajiri wakamkuta na uso wake halisi, kabla hajaupanga. Kwa hiyo mengi yangu mnayajua. Mnajua nilivyoolewa na fundi mwashi aliyenijengea tanuri kabla hajanijengea jiko, na mnajua alivyotuacha, Mungu amlaze pema. Mnajua pia huyu kaka yenu alivyozaliwa, akakawia kuketi, akakawia kutembea, na maneno yake mpaka leo ni machache. Baba yenu ndiye aliyempa jina la Jemedari, kwa kuwa siku alipoanza kutembea alitembea kifua mbele, watoto wa jirani wakamfuata nyuma kama askari. Wakunga walisema hatavuka utoto. Amevuka, na mvi anazo, mtazameni. Ila kuna dua yangu moja ambayo hamkuijua hata siku moja.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha tanuri nilipiga magoti pale sakafuni, penye unga, nikamwomba Mungu amchukue Jemedari kabla yangu. Siku moja tu kabla yangu. Nimzike kwa mikono yangu, nimlaze nikijua amelala, kisha na mimi nifuate. Msinitazame hivyo. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na aliye na mtoto wa namna hii anaijua dua hiyo hata kama hajawahi kuitamka. Nilijiuliza nani atajua kwamba haogopi giza ila anaogopa ngurumo. Nani atamkatia kucha bila kumfokea. Nani ataelewa kwamba akikataa chakula si jeuri, jino linamuuma. Nikaona hakuna, nikamaliza kesi peke yangu, nikampelekea Mungu hukumu aitie sahihi. Halafu nikasali sala ya Bwana kama Mkristo yeyote, na nilipofika pale pa kumwambia yatimizwe anayoyataka yeye, nilipita haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Maombi yangu, wanangu, yalikuwa ya kumtuma Mungu dukani. Nilimwambia cha kuleta, saa ya kurudi, na chenji asile.

Cheka tu, mzee wa kanisa. Najua na wewe unamtuma.

Sasa tazameni mtu anayemtuma Mungu anavyoishi na watu. Jemedari alipokuwa mdogo nilimfunga kitambaa mkononi, ncha ya pili nikaifunga kwenye aproni yangu, akawa anakwenda ninapokwenda. Alipokuwa mkubwa, kitambaa kikawa aibu, nikachora mstari wa chaki sakafuni mbele ya tanuri nikamwambia, baba, hapa hupiti. Naye hakupita. Alikaa juu ya gunia la unga upande wake wa mstari, miaka na miaka, akinitazama nikikanda, nikikata, nikipanga, nikitoa. Chaki ikifutika nilichora tena. Wateja walidhani ni mchezo wetu. Mimi niliuita upendo, na ulikuwa upendo, sitausingizia. Ila upendo nao ukikosa wa kuuongoza hugeuka kuwa askari jela.

Shangazi yenu ndiye aliyeniambia. Alikuja siku moja akasema, wifi, mpe huyu kijana siku moja kwa wiki aje kwangu, anisaidie kupanga mboga gengeni, azoee watu, kwa maana huyu ni wa Mungu na wewe umemfungia kama kuku wa mgeni. Nilimtoa nyumbani kwangu na kikapu chake mkononi. Tangu hapo tumeabudu kanisa moja, yeye benchi za kushoto, mimi za kulia, na wakati wa kupeana mikono ya amani kila mmoja alihakikisha mikono yake ina kazi nyingine. Nilisema sina kinyongo, nasubiri tu Mungu amwonyeshe kosa lake. Mungu akasubiri na mimi, akasubiri sana, maskini.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Mvua hizi zilipoanza nikaanguka kando ya kinu cha unga, mkaniinua, mkanilaza hapa. Nikajua. Na kitu cha kwanza kilichoniuma si kifua, ni kwamba Mungu amekataa. Nimemwomba maisha yangu yote jambo moja, na sasa mimi ndiye ninayetangulia na huyu ndiye anayebaki. Nilimnunia, wanangu. Mchungaji alikuja kusali nami nikafumba macho akadhani naitikia, kumbe nimemgeuzia Mungu uso ukutani. Hapo ndipo nilipobuni kiapo. Nikasema, kama yeye hataki kunisaidia nitajisaidia. Nitamwita mzee wa kanisa, nitamshikisha kitinda mimba Biblia, ataapa mbele ya mama yake anayekufa kwamba hataolewa wala kuhama nyumba hii maadamu Jemedari yu hai. Nilimchagua yeye kwa kuwa ana huruma, na mwenye huruma hajui kukataa. Nikalala nimeridhika. Nilikuwa nimepata kitambaa kingine cha kufungia watu, tena hiki hakikatiki hata nikiwa kaburini.

Lakini kitanda hiki kiko ukuta mmoja na tanuri, nami nikawa nasikia. Nikasikia kitinda mimba akikanda, mikono yake naijua. Nikasikia na hatua nyingine, nzito, zinavuka kutoka kwenye gunia kwenda mbele. Nikataka kupiga kelele, kifua kikagoma. Nikasikia trei inavutwa, mkate unageuzwa, unagongwa tumboni kwa kidole, kimya, halafu sauti ya Jemedari, bado. Mwingine ukagongwa. Huu tayari. Alikuwa amesikiliza mikate yangu maisha yake yote pale juu ya gunia, na mimi nilidhani anasinzia. Siku ile aliungua mkono kidogo, akaja kunionyesha jeraha kwa furaha ya mtu aliyepewa cheo. Nami nilikuwa nimejiandaa kulia, nikajikuta nalipuliza tu.

Na asubuhi moja kabla hawajawasha moto nikasikia magoti yanashuka sakafuni, mahali pangu pale pale. Nikatega sikio. Jemedari akasema, Baba, asante mkate. Mama anaumwa. Wewe unajua. Akainuka akaenda kubeba kuni.

Basi ni hivyo tu. Wewe unajua. Hakumwambia Mungu amponye mama wala asimponye, hakumtuma popote. Alimwachia, halafu akaenda kubeba kuni, kwa sababu kuni zilikuwa zinatakiwa. Nililia mpaka mto ukalowa, na kitinda mimba aliponiuliza nikasema ni moshi. Haukuwa moshi, mama. Nilikuwa nimeona jinsi ilivyo rahisi, na jinsi nilivyokuwa mgumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi sikuinama hata nilipopiga magoti.

Kwa hiyo, mzee wa kanisa, ushuhudie hili badala ya lile. Kitinda mimba, sikuapishi. Hata ukitaka kuapa mwenyewe kwa huruma, nakukataza, na hilo ndilo katazo langu la mwisho. Yule fundi baiskeli anayenunua mikate minne kila siku na anaishi peke yake, nilijua zamani kwamba haili. Sikuambii umkubali, sikuambii umkatae. Mwombeni Mungu wote wawili, msikilize kwa uaminifu, na mkishapata amani msisubiri kuniota nikiwapa ruhusa.

Wewe mkubwa, nimewasikia wewe na dada yako mkibishana ukumbini, wewe wasema nyumba iuzwe umchukue Jemedari kwako, yeye asema isiuzwe. Mlinong'ona kama watu wanaobomoa ukuta. Mimi nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri, tena la ukali. Nimeliweka chini. Sitaki kaburi litawale nyumba. Nyumba ni yenu watatu sawasawa, tanuri na trei ni za yule atakayeoka, mwiko wa baba yako wa kujengea ni wako, kwa kuwa ulilia ulipoukosa ukiwa mdogo. Lakini kabla hamjaamua lolote, kaeni chini mmuulize Jemedari anataka kuishi wapi. Hatukuwahi kumuuliza hata mara moja. Mpeni muda, maneno yake huja polepole, msimmalizie sentensi.

Na mwiteni shangazi yenu. Yuko uani tangu asubuhi, nimemsikia akikohoa, ana kikohozi cha mtu anayetaka kukaribishwa. Mwambieni wifi yake amesema aingie, na kikapu chake aingie nacho. Ile siku moja kwa wiki aliyoiomba, Jemedari akiitaka, apewe. Wagombanao ndio wapatanao, ila mimi nilichelewa sana, na kuchelewa huko kumemnyima huyu mtoto marafiki wa gengeni kwa miaka mingi. Naumia nikikumbuka, nasema mbele yenu wote.

Msije mkadhani kumwachia Mungu ni kukunja mikono. Mmekua mkiona unga. Unaukanda mpaka mabega yanawaka, huuhurumii, kisha unaufunika kitambaa unaondoka, maana kuumuka si kazi yako. Mwokaji mbaya ni yule anayefunua kila mara kuchungulia. Nimekuwa mwokaji mzuri wa mikate na mbaya wa watoto. Fanyeni kilicho mbele yenu. Osheni sufuria. Msalimieni aliyewatukana, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Mkikasirika, ngojeni hasira ishuke kabla hamjaiita neno la Mungu. Na mkisali, mkifika pale nilipokuwa naparuka, simameni. Simameni hapo mpaka mwogope kidogo, halafu mseme kwa sauti. Haitakuwa mara moja. Mimi namwachia jambo asubuhi, adhuhuri nimeshalirudisha mfukoni. Hata sasa hivi nikiwaambia haya mkono wangu umeushika mguu wa Jemedari alioninyooshea hapa kitandani, mnauona.

Mazishi yasiwe makubwa. Nilitaka kulala ubavuni mwa baba yenu, lakini kama mvua imeharibu njia, nizikeni panapofikika, ufufuo hautapotea njia. Wapeni wazikaji mkate wa moto. Msimvalishe Jemedari viatu vipya siku hiyo, vitamuuma, na atalia watu wadhani ni kwa sababu yangu.

Sogeeni. Pumzi inaniacha... nisameheni, nitasema kwa vipande. Mkubwa wangu, Mungu aende mbele ya magurudumu yako, na akurudishe nyumbani ungali mpole. Kitinda mimba, Mungu akupe nyumba yenye kicheko, na akulipe yale maji uliyoniletea usiku bila kuitwa. Wote, awe mbele yenu mnapoijua njia, na awe mbele zaidi msipoijua. Mkipendana nitakuwa nimeacha urithi. Msipopendana nimeacha matofali tu.

Jemedari... njoo, baba. Hapa, karibu na uso. Hamjui, huyu halali mpaka aniulize, kesho? Kila siku ya maisha yake. Na mimi humjibu, kesho nipo. Ndipo hufumba macho. Nilimjibu hivyo hata jana, nikijua nasema uongo.

Naona unataka kuuliza. Uliza, baba. Usiogope, nimeacha kuogopa... kidogo.

Eeh. Kesho.

Kesho Mungu yupo, mwanangu. Yeye yupo. Lala.